Kompyuta ya Baba imekataa kuwaka

Mmeniona kimya, ni hizi zamu za usiku.

Shangazi amefika salama, na amenibebea kompyuta ya mezani ya marehemu Baba kutoka Tanga. Mnajua kilichomo: sauti yake akisimulia ukoo wetu, ambayo hakuna aliyewahi kuinakili. Mazishi sikuwahi, kwa hiyo niliisubiri kama mtu anayesubiri mgeni.

Nabonyeza, kimya. Hakuna taa, feni haizunguki. Fundi mmoja akaitazama dakika mbili akasema imekufa, nitupe. Jamani, nesi haambiwi "amekufa" akakubali kabla hajapima mwenyewe!

Nikaanza na soketi. Huku Canada kuna nyumba nyingi ambazo soketi ya sebuleni inaongozwa na swichi ya mlangoni, unadhani umezima balbu kumbe umezima na soketi. Nikachomeka taa ya mezani, ikawaka. Nikaazima waya wa kioo cha kompyuta, maana tundu lake ni lile lile. Bado. Swichi nyeusi ya nyuma iko kwenye 1, yaani imewashwa.

Pembeni yake nikaona kijiswichi chekundu, kimezama ndani, kimeandikwa 230. Kumbe! Tanzania umeme ni volti 230, huku ni 120. Mashine inasubiri umeme wa Tanga, inapewa nusu. Na ile adapta ya Shangazi inabadilisha umbo la plugi tu, volti haizigusi. Nikachomoa waya kwanza, nikakisogeza kwa ncha ya bisibisi hadi 115 (ndiyo alama ya umeme wa huku, msihangaike na hizo tano), nikachomeka, nikabonyeza. Feni ikanguruma, vumbi la Tanga likatoka. Shangazi akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Najua mtauliza kwa nini nisingetoa diski tu nikaisoma kwenye kompyuta nyingine. Ndiyo ilikuwa hatua inayofuata, maana pawa saplai inaweza kufa na diski ikabaki nzima. Ila pawa saplai yenyewe msiifungue, ndani inashika umeme hata baada ya kuchomolewa. Hapa St. James Town umeme tunauheshimu. Agosti 2018 moto wa umeme kwenye ghorofa la 650 Parliament ulitoa watu zaidi ya 1,500 majumbani, wakaanza kurudi 2020.

Sauti nimeshanakili mara tatu, nakala moja Shangazi atarudi nayo. Baba anakohoa kwanza, halafu anauliza kama wote tumekaa.

Sasa Juma mdogo wangu, nisikilize. Ulisema unataka kununua ya mtumba iliyotoka Canada au Marekani. Hiyo inaweza kuwa imewekwa 115. Ukiichomeka hapo nyumbani haitanyamaza kama ya Baba, itapasuka kwa kishindo na moshi. Angalia nyuma kabla ya kuchomeka, weka 230. Kama hakuna kijiswichi, soma karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai: ikiwa imeandikwa 100-240, inajirekebisha yenyewe. Na usimwachie Mama awe wa kwanza kubonyeza.

Naingia zamu saa moja usiku. Nisalimieni wote.