Sikio la Pili

Kazi ya kwanza niliyolipwa ilikuwa kusikiliza. Mwaka 1988 shamba moja la mkonge wilayani Kilosa liliniajiri kuwa opereta wa redio koli. Chumba changu kilikuwa na meza, kiti, betri mbili za lori, na redio yenye sikio moja. Saa moja kamili asubuhi Dar es Salaam wanaita. Unajibu, unasoma idadi ya marobota ya katani, vipuri vinavyohitajika, nani kafiwa. Ukichelewa dakika mbili wameshahamia shamba jingine, nawe unakaa hadi saa nane mchana. Miaka kumi na moja nilikaa hivyo, na hadi leo mke wangu analalamika kwamba nikisikiliza redio sisikii mtu.

Mwaka 1999 nikahamia kambi ya watalii Mikumi. Hifadhi ile ya mwaka 1964 ina kilometa za mraba 3,230 na barabara kuu ya Iringa inaipasua katikati, kwa hiyo habari zetu nyingi zilikuwa za barabarani: tembo wamegoma kuondoka, gari limezama kwenye tope jeusi la tambarare ya Mkata. Kwa mambo hayo redio ya mkononi ilitosha. Lakini Kilosa ipo nyuma ya vilima, na kule haikufika. Tukatandaza waya mrefu, mita nne tu juu ya ardhi, ili mawimbi yapande wima, yagonge tabaka la juu la anga, kisha yaanguke pande zote kama mvua. Ujanja mzuri, ila mita nne ndipo inapopita shingo ya twiga. Sijui nimeufunga upya waya ule mara ngapi.

Pale kambini alikuja mgeni, fundi wa majenereta, Mjerumani, ambaye jioni badala ya kwenda baa aliomba kuuona waya wangu. Alikuwa mtu wa redio za ridhaa, wale wanaozungumza na dunia bila malipo na bila biashara. Alipomaliza mkataba akaniuzia redio yake ya Yaesu kwa bei ya kunionea huruma. Mtihani na leseni vilinichukua muda mrefu zaidi, lakini hatimaye nikapata alama yangu ya wito, inayoanza na 5H kama za Watanzania wote.

Redio ile ilikuwa na vipokezi viwili. Unavaa hedfoni: kipokezi kikuu kinaingia sikio la kushoto, cha pili sikio la kulia, kila kimoja na kitufe chake cha masafa. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma kama nimekaa kati ya wake wenza. Baadaye ubongo unazoea.

Kazi yake hasa ni hii. Kituo adimu, tuseme cha kisiwa ambacho hakina redio mwaka mzima, kikitokea hewani, mamia wanakiita kwa pamoja. Chenyewe hubaki kwenye masafa yake na kusikiliza kilohezi tano au kumi juu. Sikio la kushoto linakuambia kimemjibu nani. La kulia linapekua umati kumtafuta huyo aliyejibiwa. Ukimpata, umejua pa kusimama. Ila usisahau kuiamuru redio irushe kwa masafa ya pili, kwa sababu ukirusha juu ya kituo chenyewe utatukanwa kwa lugha kumi. Nimetukanwa.

Na kuna jambo ambalo mgeni hakunitajia. Ukibonyeza maiki, masikio yote mawili yanaziba.

Kwa kawaida, nikiwa siwindi kisiwa, kipokezi cha pili nilikiacha kwenye kilohezi 7,110, masafa ambayo watu wa ridhaa wa Afrika na Ulaya wamekubaliana kuitana wakati wa dharura. Nilikiweka kwa ajili ya Mwalimu, mstaafu wa Kilosa, mwenye leseni na redio kuukuu ya betri ya gari. Mwisho wa Desemba 2009 mvua zilipozidi na mto Mkondoa ukafurika, usiku mmoja nilikihamisha. Kulikuwa na kisiwa Pasifiki. Nilihangaika nacho hadi alfajiri, nikaita na kuita.

Usiku bendi ile ya 7,110 ina tabia ya kuruka jirani na kuangukia mbali. Mwalimu alipoita, mimi wa ng'ambo ya vilima nisingempata, lakini mtu wa Kenya alimsikia vizuri. Simu ya Mwalimu ilikuwa imezima na umeme hakuna. Alitaka mdogo wake wa Mikumi aje na lori kuchukua watoto. Yule wa Kenya akaniita mimi kwenye 7,110 kwa zaidi ya saa nzima. Sikio langu la kulia lilikuwa umatini.

Jua lilipopanda, nikampata Mwalimu.

"Mwalimu, shikamoo. Nisamehe."

"Marahaba. Ulikuwa wapi, mdogo wangu?"

"Nilikuwa nawinda kisiwa."

Kimya, mvumo wa hewa tu. Kisha: "Mimi huku kisiwa kimenifuata hadi mlangoni. Ova."

Watoto walikuwa wameshapandishwa mlimani kwa miguu, gizani, mkubwa akimbeba mdogo. Lori la mdogo wake halikwenda kamwe. Reli nayo ilikatika, na kati ya Kilosa na Gulwe treni zikasimama kwa miezi kadhaa.

Kisiwa kile, kwa taarifa yenu, sikukipata.

Sasa nimestaafu, na Mwalimu alishatangulia. Vijana wenye leseni wananiuliza wafanyie nini kipokezi cha pili wakati hakuna kituo adimu. Kiwekeni 7,110, sauti ya chini, hasa wakati wa mvua. Na mkiongea, ongeeni kifupi, mwachie kitufe cha maiki, msikilize kidogo kabla ya kubonyeza tena.