Nyongeza

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii sote tumeifundisha, na aghalabu tumeifafanua kwa mifano mikubwa: tajiri aliyejenga zahanati, mfadhili aliyesomesha yatima, jirani aliyegawa shamba lake. Ni mifano mizuri, wala sina nia ya kuibeza. Lakini kwa miaka yote niliyofundisha Kiswahili hapa Kampala nimezidi kuamini kuwa maana ya methali hiyo hukaa mahali padogo zaidi. Nataka kuzungumza nanyi, walimu wenzangu na wanafunzi wa lugha hii, juu ya furaha ndogo ndogo za kila siku, na hasa moja ambayo jina lake ni neno letu na ni neno la Waganda vilevile: nyongeza.

Mtu anunuaye vitu katika masoko ya Kampala, liwe Nakasero, liwe Owino ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, au viwe vibanda vya kando ya barabara, huijua desturi hii. Nyanya huuzwa kwa mafungu, njugu kwa vikombe, makaa kwa makopo. Bei ikishakubaliwa na fedha zikishapokewa, muuzaji hunyoosha mkono tena, akachukua nyanya moja au konzi ya njugu, akaitia juu ya vile vilivyokwisha kulipiwa. Hiyo ndiyo nyongeza. Waganda huiita enyongeza, kwani lugha zetu mbili zimelichota neno hilo katika shina moja la Kibantu. Mnunuzi huiomba kwa mzaha, muuzaji huikataa kwa mzaha, kisha huitoa kwa hiari. Haina bei wala haina kipimo. Laiti ingepimwa, ingekuwa sehemu ya bidhaa tu, na utamu wake ungetoweka.

Yuko atakayesema kuwa hiyo ni hila ya biashara, kwamba muuzaji hutoa nyanya moja leo ili auze fungu zima kesho. Sikatai. Lakini hila inayojulikana na pande zote mbili haiwi hila tena. Huwa ni adabu. Nimewaona wauzaji wakimwongezea mtoto mdogo aliyetumwa na mama yake, mtoto asiyejua hata kuomba. Nimeona pia jinsi mtu mzima, mwenye mshahara na heshima zake, anavyotoka sokoni akitabasamu kwa sababu ya nyanya moja ambayo angeweza kuinunua bila kuhisi upungufu wowote mfukoni. Furaha ile haitoki katika nyanya. Inatoka katika kujua kwamba kuna mtu ambaye alikuwa amekwisha kumaliza deni lake kwako, naye akakukumbuka.

Ukifika mwezi wa Novemba, ambao Waganda huuita Musenene, mbingu zenyewe huwa kama muuzaji mkarimu. Wadudu wanaoitwa senene hushuka usiku kwa makundi wakifuata mwanga. Wafanyabiashara husimamisha taa kali, wakaegemeza mabati mapya mbele yake na kuweka mapipa chini. Senene hujigonga kwenye bati, wakateleza, wakaingia pipani. Asubuhi wanawake na vijana huketi wakiwanyonyoa mbawa na miguu, na jioni mji hunukia senene waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, pamoja na chumvi na kitunguu. Huuzwa kwa vikombe. Kikombe kikijaa hadi ukingoni ndiyo haki yako. Kile kichuguu kinachorundikwa juu ya ukingo ndicho kinachokufanya ucheke. Hata watu wa ukoo wa Nsenene, ambao kwa mila yao hawali wadudu hao, huchangamka kuona watoto wakikimbizana nao chini ya taa za barabarani.

Hapana budi, hata hivyo, tutofautishe furaha hii na nyingine inayofanana nayo. Mwaka 2006, kina cha maji ya Ziwa Viktoria kilipopungua na mitambo ya Jinja ikashindwa kutoa nguvu ya kutosha, mitaa ya Kampala ilikaa gizani kwa zamu. Wakati huo nilikuwa kijana niliyeanza tu kazi ya ualimu, nami nilisahihisha madaftari kwa mshumaa. Umeme uliporudi, mtaa mzima ulipiga ukelele mmoja, wazee kwa watoto. Bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lilizinduliwa mwaka 2012 na hali ikawa afadhali. Lakini hata sasa umeme ukikatika kisha ukarejea, ukelele ule husikika. Nao ni furaha ya kweli. Ila ni furaha ya mtu aliyerudishiwa kilicho chake. Nyongeza ni jambo jingine, maana hapo mtu hupewa asichodai.

Kuna na nyongeza ya maneno. Mganda akimpita mtu anayefanya kazi, awe anafagia barabara, analima au anafua, humwambia, "Gyebale ko." Kwa Kiswahili tungesema, "Pole na kazi," au "Hongera kwa kazi." Lakini pole yetu humhurumia mtu kwa uchovu, na hongera humsifu kwa alichotimiza, gyebale humshukuru. Anayeshukuru hakumwajiri yule mfagiaji, wala hatamlipa chochote. Anamshukuru kwa sababu tu kazi inafanyika na yeye anapita hapo. Mara ngapi nimetoka shuleni nikiwa nimechoka, nikakutana na mtu nisiyemfahamu, akaona madaftari kwapani mwangu, akaniambia, "Gyebale ko, nnyabo"! Madaftari hayapungui uzito kwa neno hilo, ila mkono hupata nguvu.

Sasa msomaji ataniuliza: haya yote yanahusiana vipi na kazi yetu ya kufundisha lugha? Jibu langu ni kwamba Kiswahili katika Uganda kimetolewa mara nyingi kwa amri na mara chache kwa nyongeza. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nayafurahia maendeleo haya ya karibuni, na mkate wangu unatokana nayo kwa kiasi fulani. Lakini amri ni fungu la nyanya tu: ni haki, imepimwa, imelipiwa. Moyo wa mtu huhitaji ile moja ya juu yake.

Mama mmoja huuza nyanya karibu na ninapoishi. Kwa miaka mingi tulizungumza Kiganda, na kila nilipojaribu kumsalimu kwa Kiswahili alijibu kwa Kiganda bila kuninyima heshima. Jioni moja, akiwa hana wateja, alinieleza sababu. Alikuwa mtoto katika miaka ya sabini. Kiswahili kilichofika nyumbani kwao kilifika usiku pamoja na askari, na maneno aliyojifunza yalikuwa haya: toka, lala chini, lete, nyamaza. Walimu wenzangu, yatazameni maneno hayo. Yote ni vitenzi vya kuamuru. Hakuna hata moja miongoni mwake ambalo mtu angeweza kulijibu. Lugha nzima, pamoja na mashairi yake, hadithi zake na heshima zake, ilifika kwa mtoto yule ikiwa imebaki amri nne.

Sikuwa na la kusema, nikanyamaza. Baada ya muda aliniwekea fungu langu mfukoni, akaongeza nyanya moja, akasema kama kawaida yake, "Enyongeza."

Nikamwambia, "Mama, hilo nalo ni Kiswahili."

"Lipi?"

"Nyongeza. Watu wa pwani nao husema hivyo hivyo."

Alinitazama kana kwamba nimemtania. Kisha akacheka hata majirani wa vibanda vya pili wakageuka. "Basi hilo," akasema, "askari hawakulileta. Hilo lilikuwa langu." Halafu, akiwa bado anacheka, akanyoosha kiganja kama mnunuzi: "Haya, mwalimu, nawe niongeze. Nipe jingine." Nikampa asante. Tangu siku hiyo tumekuwa na mapatano yetu: yeye hunipa nyanya moja, nami humpa neno moja. Sisemi kwamba amesahau yaliyompata. Mambo kama yale hayasahauliki, wala si juu yangu kumtaka ayasahau. Ninachosema ni kwamba sasa anayo maneno ya Kiswahili ambayo hakuamriwa na mtu, na akiyatamka hutabasamu.

Mapatano hayo yamenifundisha jambo ambalo sikulipata katika masomo ya diploma. Siku hizi kila kipindi changu hubakiza dakika tano ambazo hazimo katika mpango wa somo. Sizitahini, wala siandiki chochote ubaoni. Nasema, "Kitendawili!" nao huitikia, "Tega!" Akitokea mwingine akasema, "Koyi koyi!" kwa desturi ya Kiganda, tunaitikia, "Lya!" na tunaendelea. Wakishindwa kutegua, nami nikadai mji, hunipa Kololo yote na maghorofa yake. Lakini wakinitega wao nikashindwa, hukataa Jinja, hukataa Entebbe, hadi niwape Mombasa.

Muhula mmoja palikuwa na mvulana aliyekaa nyuma, asiyefungua kinywa ila anapoulizwa kwa jina. Mwezi wa Novemba, katika dakika zile tano, aliinua mkono akatega: "Taa langu huita wageni, wakifika huwazamisha." Darasa lilihangaika, nami nilihangaika nalo, tukampa miji hadi ikaisha. Jibu lilikuwa mtego wa senene. Alikitunga mwenyewe. Ninyi mlio walimu mmekwisha kuliona kosa la upatanisho katika sentensi yake, nami nililiona. Sikumsahihisha. Palikuwa na kesho ya kusahihisha taa yangu na taa langu. Siku ile ilikuwa ya wenzake kumpigia makofi, na wakampigia. Alikaa chini akijaribu kuficha meno yake, akashindwa.

Ndugu zangu, sijidai kuwa kitendawili kimoja kitaeneza Kiswahili Uganda. Vitabu vinahitajika, walimu wanahitajika, na mishahara inayofika kwa wakati inahitajika. Hayo ni fungu lenyewe, na asiyepewa fungu hana haja ya kuzungumziwa nyongeza. Hata hivyo, tukishapewa vyote hivyo, tutabaki na swali la kama mwanafunzi atalitumia neno letu atokapo langoni mwa shule, pasipokuwa na mtu wa kumlazimisha. Kwa maoni yangu atalitumia ikiwa kuna siku lilimfurahisha. Kwa hiyo nawaomba, kila mmoja mahali alipo, aache katika kila somo kitu kidogo kisichotahiniwa: fumbo, utani, salamu ya ziada, jina la tunda analolipenda mwanafunzi. Nanyi wanafunzi, msione haya kuomba. Mwambieni mwalimu, kama mnavyomwambia muuzaji sokoni, "Niongeze."