Maua ya Kitulo na Magunia ya Mbalizi

Jioni moja hapa Mbalizi tuliona magunia yakipakiwa katika motokaa iendayo Tunduma. Tukadhani ni viazi. Mpakizi akafungua moja, akatuonyesha vijizizi vinene vyenye udongo mweusi. "Hii ni chikanda, Maalim. Wazambia waipenda sana." Huitwanga, wakaichanganya na unga wa karanga na pilipili, wakaipika hata igande, kisha huikata vipande kama mkate. Tulipouliza mmea wake, akasema ni maua ya Kitulo na milima ya jirani. Tuliona haya: umri wetu wapita hamsini, na maua hayo hatujayatazama!

Basi mwezi wa Januari tukaondoka, tukapita Uyole, tukashika njia ya Tukuyu hata Isyonje, ndipo tukaanza kupanda katika ukungu na baridi kali. Kitulo ni uwanda ulio juu kiasi cha mita 2,600, nao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya joto kuwekwa hasa kwa ajili ya maua. Ndani yake mna aina 45 za okidi, ndiyo maua yenye chikanda. Nyingine zasimama majimajini, nyingine hutaka nyasi za mteremko usiotuama maji, ukizihamisha hazikai. Tuliziona za waridi, nyeupe na za rangi ya chungwa, tukasahau baridi.

Mwenyeji wetu alituchorea ardhini kwa kijiti. Okidi hizo huwa na viazi viwili: kimoja kikuukuu, kilicholisha ua la mwaka huu, na kimoja kipya, akiba ya ua la mwakani. Mchimbaji hutaka hicho kipya. Nazo mbegu zake ni laini kama vumbi, wala hazioti pasipo kuvu maalumu udongoni. Kwa hiyo shimo lililochimbwa huenda likakaa tupu miaka mingi.

Tulirudi tumekusudia kuwakemea wachimbaji. Juma lililofuata mama wa mwanafunzi wetu mmoja, mjane, akaja kulipa ada ya chuo. Alipohesabu fedha tukaona kucha zake, zimeshika udongo mweusi ule ule. Tukaipokea ada, tukaandika jina la mtoto daftarini.