Tulitaka Machozi ya Petro



Kwaresima moja tulitumwa mafrateri wawili kwenye kigango kimoja cha Dindira, huko milimani wilayani Korogwe. Tulikabidhiwa watoto wa Utoto Mtakatifu tuwaandae kwa igizo la Mateso ya Bwana, litakaloonyeshwa Ijumaa Kuu. Wengi wao ni watoto wa wachumaji wa chai. Maneno waliyashika kwa siku tatu tu. Kazi ilikuwa kwenye nyuso. Yuda alisaliti huku akitabasamu, Maria alisimama chini ya msalaba kama mtu anayesubiri gari, na Petro, mvulana wa darasa la tano, alimkana Bwana mara tatu bila kupepesa macho.

Sababu tuliijua, maana nasi tumelelewa hivyo hivyo. Mbele ya wakubwa mtoto huinamisha macho, na mvulana huambiwa kwamba mwanamume halii. Adabu ni jambo jema, lakini mtoto aliyezoea kuficha uso hawezi kuufungua kwa kuamriwa, "Onyesha huzuni!" Tulipoamuru hivyo, walikunja nyuso kama waliolamba ndimu, kisha wakacheka wote.

Hapo tukafanya kosa. Tulimwita Petro wetu kando, tukamwambia akumbuke siku ya huzuni kuliko zote maishani mwake. Alinyamaza kidogo, kisha akalia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Tukatazamana kwa furaha: tumempata Petro! Lakini tulipomwambia inatosha, hakuweza kunyamaza. Alikimbilia nyuma ya kanisa. Katekista alimfuata, akaketi naye chini bila kumuuliza neno. Baada ya muda mrefu alirudi kwetu, akasema kwa upole: "Mafrateri, mtoto huyu mwaka jana alimzika babu aliyemlea. Kidonda mmekifungua. Dawa yake mnayo?"

Hatukuwa nayo.

Njia ile hatukuibuni sisi. Konstantin Stanislavski, mwalimu mashuhuri wa maigizo wa Urusi (1863–1938), aliwahi kuwafundisha waigizaji wachote hisia katika kumbukumbu zao. Sisi tulikuwa tumeisikia nusu hiyo tu. Nusu ya pili ni kwamba katika miaka yake ya mwisho alitilia mkazo matendo ya mwili: tenda tendo kwa ukweli, na hisia itafuata. Tena wale walikuwa watu wazima, waliojua wanachokifanya.

Kesho yake tulimwomba mtoto yule radhi mbele ya katekista, tukamwambia yuko huru kuacha. Akajibu, "Nitaigiza, Frateri, ila msiniulize tena." Tukamwahidi.

Tukaanza upya, safari hii kwa miguu na mabega. "Tembea kama mtu anayeshuka na kikapu kilichojaa majani ya chai. Sasa tembea kama kikapu kimepimwa, na uzito haukutosha." Hapo hakuna aliyehitaji mwalimu, shingo zilishuka zenyewe, na hatua zikawa nzito. Tulicheza mchezo wa kimya: mmoja anaonyesha hofu kwa mikono tu, au furaha kwa mgongo tu, wenzake wanakisia. Tukagundua pia kwamba muumini anayekaa nyuma haoni chozi. Anaona bega, shingo na mwendo. Mazoezi yalipoisha, watoto walikung'uta mikono na miguu, kila mmoja akataja jina lake kwa sauti, kisha wakapewa mpira. Hatukutaka Yuda arudi nyumbani akiwa bado Yuda.

Tulikumbuka pia mpango wa Tuseme, ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, ambamo wasichana wa sekondari walitumia sanaa za maonyesho kueleza yanayowakwamisha shuleni. Wao walisema yao kwa hiari. Mtoto wetu sisi tulimchimba.

Ijumaa Kuu ilikuja na ukungu wa masika. Tuliwasha moto wa kuni uwanjani. Katika Injili ya Luka, jogoo anapowika, Yesu anageuka na kumtazama Petro; hakuna neno linalosemwa. Petro wetu alikuwa ameinyoosha mikono akiota moto. Yesu alipogeuka, mtoto yule hakulia. Alirudisha mikono yake polepole, akaificha kwapani, kama afanyavyo kila mtu Dindira wakati wa baridi. Akaupa moto mgongo, akaondoka taratibu hadi ukungu ukammeza. Hakuna aliyemfundisha hilo. Uwanja mzima ulinyamaza, na mabibi waliokaa mbele wakaanza kujifuta macho kwa ncha za kanga.

Ndugu msomaji, nawe huenda unaandaa watoto parokiani kwako. Usiwadai machozi. Wape tendo la kufanya, wape muda, na igizo likiisha wasaidie kulivua. Yaliyomo moyoni mwa mtoto ni yake; akitaka kuyaleta, atayaleta mwenyewe.

Nasi tunaojiandaa kwa upadre tutaketi siku moja kusikiliza yaliyo mazito kuliko igizo. Kabla ya kumwambia mtu afungue kidonda, tunajiuliza swali la katekista wa Dindira: dawa yake tunayo?