Natumaini Utaketi Vizuri: Mdudu wa Kihispania Katika Programu Yangu

Najua nimekimya hapa siku nyingi. Leo sina habari za simu mpya wala za Linux. Leo nina aibu, na nimeona heri niwagawieni.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiandika programu pamoja na jamaa mmoja aliye Mexico City. Nairobi iko mbele yao kwa saa 9, kwa hivyo mimi nikifunga tarakilishi jioni, yeye ndio anakunywa kahawa ya asubuhi. Kazi ilikwenda vizuri hadi siku nilipoifuta sehemu aliyoiandika kwa wiki nzima, nikaweka yangu, na juu yake nikaacha maneno makali mbele ya timu yote. Hakunijibu. Wiki mbili baadaye tukaambiwa amelazwa hospitalini kwa upasuaji wa mgongo.

Ndugu msomaji, hapo roho ilinisuta. Huyu bwana amekuwa akiniandikia kwa Kiingereza kila siku, lugha ambayo si yake wala si yangu. Nikasema safari hii nitamwandikia kwa Kihispania, hata kama ni sentensi moja. Nilitaka kusema: natumaini utajisikia vizuri karibuni.

Sasa, mimi nilikuwa najifunza Kihispania kwa njia ya waandishi wa programu, yaani badala ya kukariri, nilitengeneza programu ya Python ya kunyambua vitenzi. Na kusema kweli, Kihispania kinamfaa Mswahili kuliko tunavyodhani. Sisi husema "unalala", lakini "nataka ulale": ile a ya mwisho inageuka e. Wao pia wana hali hiyo ya kutaka, kutumaini na kuombea, wanaiita subjuntivo. "Te levantas" ni unaamka, "quiero que te levantes" ni nataka uamke. A imekuwa e, kama kwetu! Tena wao, kama sisi, wakitaka jambo la nafsi zao wenyewe hawaihitaji hali hiyo. Sisi husema "nataka kulala" lakini "nataka ulale". Wao husema "quiero acostarme" lakini "quiero que te acuestes". Hata neno lao "ojalá", ambalo huita hali hii, lina asili ya Kiarabu cha Andalusia, maana yake Mungu akipenda. Watu wa Pwani mnacheka, nawaona.

Tofauti iko kwenye kujirejelea. Kwetu "ji" ni moja kwa wote: najiona, unajiona, wanajiona. Kwao inabadilika kwa nafsi: me, te, se, nos, os, se. Kwa hivyo kanuni niliyoipa programu ilikuwa hii:

1. Chukua umbo la "mimi" la wakati uliopo: me levanto.
2. Ondoa ile o: levant-.
3. Kitenzi kikiishia -ar weka e, kikiishia -er au -ir weka a.
4. Tanguliza me, te, se na wenzake.

Unapata me levante, te levantes, se levante, nos levantemos, os levantéis, se levanten. Ponerse, kwa kuwa "mimi" yake ni me pongo, inakupa te pongas. Wakaidi kama irse (te vayas) niliwaandika kwa mkono. Nilijiona fundi!

Nikaandika "sentirse", yaani kujisikia, nikaomba nafsi ya pili. Programu ikanipa jibu, nikaliweka kwenye sentensi, nikatuma:

"Espero que te sientes mejor pronto."

Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi nikakuta jibu fupi: "Yo también espero sentarme mejor." Nilisoma mara tatu. Maana yake: hata mimi natumaini kuketi vizuri zaidi.

Nilikuwa nimemwandikia mtu aliyetoka kupasuliwa mgongo kwamba natumaini ataketi vizuri! Kwa jinsi tulivyoachana, angeweza kabisa kudhani namdhihaki. Nilikaa na ile simu mkononi, chai ikapoa.

Basi nikafungua msimbo kumtafuta mdudu, na nilipompata nilitaka kujificha. Kihispania kina vitenzi viwili, sentarse (kuketi) na sentirse (kujisikia). Umbo la "mimi" la vyote viwili ni lile lile: me siento. Kumbe jedwali langu la miisho lilitumia umbo hilo kama ufunguo! Programu ilisoma vitenzi kwa mpangilio wa alfabeti, na ikikuta ufunguo upo tayari iliruka. Sentarse akaingia kwanza kwa sababu ya ile a, na sentirse alipofika akakuta kiti kina mtu. Nilipoomba sentirse, programu ilipata "siento", ikauliza jedwali huyu ni wa -ar au wa -ir, ikajibiwa -ar. Ikaweka e.

Na kwa nini jicho langu halikushtuka? Kwa sababu "te sientes" ni Kihispania sahihi kabisa, nilikuwa nimeliona mara nyingi katika "¿cómo te sientes?", unajisikiaje? Tazama maajabu haya:

Te sientes: unajisikia, au (nataka) uketi.
Te sientas: unaketi, au (natumaini) ujisikie.

Vitenzi viwili vimebadilishana nguo. Cha kuketi kikiingia katika subjuntivo huvaa vazi la kujisikia, na cha kujisikia huvaa vazi la kuketi. Sentensi yangu ilihitaji te sientas. Katika nafsi ya "sisi" ndipo kila kimoja huonyesha sura yake: nos sentemos, tuketi, na nos sintamos, tujisikie. Hapo hata kanuni yangu ya kuondoa o haifai.

Kurekebisha kulichukua dakika tano: nikaufanya ufunguo uwe jina zima la kitenzi, nikaongeza jaribio la sentarse na sentirse, na mengine ya nafsi ya "sisi". Somo ni la kale, nasi tunalirudia kila mwaka: usitumie kama ufunguo kitu ambacho wawili wanaweza kukishiriki.

Lakini kulikuwa na kosa la pili ambalo halikuwa la Python. Hata kama ningeandika te sientas, nilikuwa nimemtakia heri bila kutaja nililomkosea. Programu ilinisaidia kuzunguka neno nililopaswa kulisema. Kwa hivyo nikaandika tena, bila programu, kwa Kiingereza chetu cha kuazima: nilikosea kuifuta kazi yako bila kukuuliza, na nilikosea zaidi kusema vile mbele ya watu. Nisamehe. Kisha, mwishoni, nikaongeza kwa mkono: "Espero que te sientas mejor."

Alijibu siku iliyofuata kwamba ile sentensi ya kwanza aliisomea wauguzi wodini, na kucheka kulimuuma mshono. Halafu: "No te preocupes." Usijali.

Niliitazama sentensi hiyo kwa muda. Preocuparse, nafsi ya pili, subjuntivo, te mahali pake mbele ya kitenzi kwa sababu ni katazo. Kisha nikafunga tarakilishi, kwa sababu hiyo haikuwa ya kuchambuliwa.

Aliporudi kazini tulirudisha karibu nusu ya sehemu yake niliyoifuta. Ilikuwa bora kuliko yangu. Haya, tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda. Ojalá!