Lumbesa ya Mvua

Juni 2019 nilirudi Kichiwa na kompyuta mpakato, jaketi lisilotosha baridi ya kwetu, na mashaka juu ya babu yangu.

Babu amepima mvua tangu 1991. Kipima mvua kilikuwa cha shule. Mwalimu aliyekitunza alipohama, kikaletwa uwanjani kwetu, mbali na miti, mdomo wake sentimita 30 juu ya ardhi. Kila siku saa tatu asubuhi Babu humimina maji yaliyokusanyika kwenye kioo chembamba chenye mistari, husoma, huandika katika daftari kubwa. Mwisho wa mwezi hujaza fomu na kuituma. Halipwi. Sijawahi kumsikia akilalamikia hilo. Hulalamikia bei ya viazi.

Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuoni Dar es Salaam, na utafiti wangu ulikuwa kulinganisha mvua ya setelaiti na mvua ya ardhini. Wengi hudhani setelaiti inaiona mvua. Meteosat imekaa juu ya Ghuba ya Guinea, karibu kilometa 36,000 kutoka ardhini, na kinachoonekana kutoka huko ni kichwa cha wingu na ubaridi wake. Wingu la radi huwa refu, na kichwa chake huwa baridi sana. Wataalamu, kama wale wa TAMSAT wa Chuo Kikuu cha Reading, huhesabu saa ambazo vichwa hivyo vilikaa juu ya mahali, kisha huzigeuza kuwa milimita. Ili kuzigeuza wanahitaji mtu aliyeko chini, aliyepima maji yenyewe kwenye chombo. Ndipo kalibresheni inapoanza kunichanganya. Setelaiti ina njia nyingi za kujihakiki: Meteosat hubeba kifaa cheusi ambacho joto lake linajulikana, ikijipima nacho, Landsat 8 hugeuzwa mara moja kwa mwezi kuutazama mwezi wenyewe, kwa kuwa uso wa mwezi hauchakai. Lakini mwezi hauwezi kukwambia kama jana Kichiwa ilinyesha milimita 10 au 4. Kwa hilo anategemewa babu wa mtu.

Na babu wangu mimi alikuwa amekosea. Msimu wa 2017/18 daftari lake lilisema milimita 371. Setelaiti ilisema 880. Milimita 371 ni pungufu kuliko mvua ya kawaida ya Dodoma! Nilirudi nyuma msimu kwa msimu: hadi mwisho wa 2014 wawili hawa walikuwa wakikaribiana vizuri tu, halafu Babu akaporomoka ghafla. Alikuwa amevuka miaka sabini. Nikahitimisha kwamba asubuhi za baridi alikuwa akikadiria akiwa chini ya blanketi.

Utani wa babu na mjukuu unaruhusu mengi, kwa hiyo nilimwambia tukiota moto jikoni. "Babu, hizi namba unaziandika uwanjani au kitandani?"

Alicheka kidogo. Kisha akamaliza chai yake, akaaga, akaenda kulala, na haikuwa hata saa mbili usiku.

Bibi aliendelea kumenya viazi. "Mwaka gani huo unaosema hapakuwa na mvua?" Nikamtajia. "Mwaka huo ulanzi ulimwagika. Watu walikosa mbeta za kukingia."

Kwa msomaji asiye wa huku: ulanzi ni pombe ya maji ya mianzi michanga, na mwanzi haukupi kitu kama mvua haijanyesha sawasawa. Mgema hawezi kudanganya katika hilo hata akitaka. Nililala nikiwa na mashahidi wawili dhidi ya Babu, setelaiti na mianzi, na bado nilidhani kosa ni lake.

Asubuhi nilimfuata uwanjani, nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Nikaomba kukiona kioo. Kilikuwa safi kuliko glasi zote za nyumbani kwetu. Karibu na kitako kulikuwa na maandishi madogo niliyoyasoma mara mbili: 203 mm. Nikachukua rula ya shule ya mdogo wangu, nikapima mdomo wa kipima mvua. 127.

Vipima mvua havilingani upana. Chenye mdomo wa inchi 5, kama chetu, hukusanya mililita 12.7 kwa kila milimita moja ya mvua. Cha inchi 8 hukusanya zaidi ya 32. Kila kimoja kina kioo chake. Babu alikuwa akimimina maji ya mdomo mdogo kwenye kioo cha mdomo mkubwa, na kila alichosoma kilikuwa pungufu mara 2.56. Hakukosea hata siku moja kusoma.

Nilimimina mililita 127 mbele yake. Zilipaswa kusoma 10. Zilisoma chini kidogo ya 4.

Babu alikitazama kioo muda mrefu. "Lumbesa," akasema. "Hii ni lumbesa ya mvua."

Mkulima wa viazi Njombe hahitaji kueleweshwa zaidi. Gunia linashonewa kofia juu, linabeba viazi vya gunia na nusu, mnunuzi anahesabu moja.

Tukafungua daftari. Tarehe 14 Januari 2015: *Kioo kimevunjika. Mbuzi.* Wiki tatu zilizofuata ni tupu, kisha: *Kioo kipya kimeletwa.* Kililetwa kwa pikipiki na mtu wa ofisi ambayo sitaitaja. Fomu zaidi ya 50 zilitoka hapa baada ya siku ile, na hakuna aliyepiga simu kuuliza kwa nini kijiji cha viazi kimekuwa jangwa. Hilo liliniuma kuliko kioo. Halafu nikakumbuka kwamba mimi niliuliza, na niliulizaje.

Nilimwomba radhi. Akanipa kalamu nyekundu. Hakutaka nifute kitu. Kando ya kila namba yake niandike ya kweli, siku kwa siku, kuanzia Februari 2015. Ilinichukua siku mbili. Msimu wa 2017/18 ulifika 950.

"Yako ilisema ngapi?"

"880, Babu."

"Imepungukiwa." Nikamweleza kwamba setelaiti husema wastani wa eneo zima, wala si uwanja wetu peke yake, na kwamba mawingu yetu ya manyunyu hukaa chini, vichwa vyake si vya baridi, kwa hiyo huenda hayakuhesabiwa. Alisikiliza kama anavyowasikiliza wanunuzi wa viazi.

Kioo sahihi hakikuwepo, tukatumia bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, jipya. Asubuhi niliyoondoka ukungu ulikuwa umelala hadi barabarani na majani yalikuwa yakidondosha maji. Babu alivuta chupa, akanyonya kilichokuwemo: mililita 4. Nikagawa kwa 12.7 kwenye simu.

"Nukta tatu," nikasema.

"Andika basi," akasema, akanishikia daftari.