Hela ya Tairi Niliila Kwenye Shoo, Nikamsingizia Fundi

Leo hakuna ubuyu wa mastaa. Ubuyu wa leo ni wangu mwenyewe, na umenikaa kooni tangu nimalize shule.

Juzi usiku naperuzi simu, nikakutana na klipu ya wazungu wanashindana kulenga shabaha huko Marekani. Watu wazima kabisa, wamevaa kofia na buti za cowboy. Mchezo ule kila mshindani anatumia bastola mbili na bunduki ndefu mbili. Weka na risasi, weka na maji ya kunywa, huwezi kubeba yote begani kutwa nzima. Ndiyo maana wengi wana vikokoteni vyao vya kusukuma kutoka kituo kimoja cha kulenga hadi kingine. Sasa jamaa mmoja tairi likamtoka katikati ya changarawe, bunduki zikalala upande. Watu kwenye komenti wanacheka mpaka machozi.

Mimi sikucheka. Nilimwona anabonyezabonyeza tairi nikajikuta naongea na simu: "Kaka, achana na tairi, angalia beringi."

Hiyo elimu sikuipata darasani. Niliipata Nyakasimbi, Karagwe, na niliilipia kwa aibu.

Mwisho wa 2017 nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa kidato cha nne. Nyumbani tuko watatu: mama, mdogo wangu wa kike na mimi. Chakula kilitoka shambani, lakini hela ya mkononi ilitoka kwenye toroli. Nilisukuma maji, nilisukuma mikungu ya ndizi kwenda senta, nilisukuma saruji za watu wanaojenga. Ukiijua Karagwe unajua vile vilima na ile barabara nyekundu. Mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni mawe.

Tairi lilianza kulia wiki mbili kabla. Kwi, kwi, kwi. Watu wakinisikia kwa mbali wanasema "huyo anakuja". Mimi najaza upepo, namwagia mafuta ya kupikia yaliyobaki kwenye kikaango, naendelea. Siku moja nateremka na mikungu minne, nikasikia kama kitu kimekatika. Toroli likapiga pua chini, ndizi zikatawanyika. Beringi ilikuwa imekwisha zamani, ekseli imetafuna katikati ya rimu mpaka tundu limekuwa kama mdomo wa samaki.

Fundi wetu pale senta alikuwa mzee mmoja wa baiskeli. Simtaji jina, yeye hapendi mambo ya mitandao. Aliangalia mara moja tu akasema, "Hili halishoneki kijana. Tafuta tairi zima na rimu yake." Elfu 25.

Mama akafungua fundo la kanga. Akanihesabia elfu 25, noti zimekunjwa mpaka zimekuwa ndogo kama kiberiti. Akasema, "Usipitie popote."

Nikapitia.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na shoo Kayanga. Msanii mmoja mkubwa wa enzi zile, wote mnamjua, simtaji. Washkaji wote wanaenda. Nikajiambia nitachomoa elfu 5 ya kiingilio tu, itarudi. Kumbe kuna bodaboda ya kwenda, bodaboda ya kurudi, nyama, soda, na dada mmoja niliyekuwa namfukuzia ambaye alikuja na rafiki zake wawili. Asubuhi nimebaki na elfu 8. Na msanii mwenyewe aliimba nyimbo tatu akaondoka.

Kwa elfu 8 nikapata kwa muuza vyuma chakavu kigurudumu cha plastiki, kidogo, tundu lake pana kuliko ekseli yangu. Nikazungushia vipande vya tyubu ili kibane. Kwa kuwa kilikuwa kifupi, toroli likawa limeinamia mbele na mzigo wote unalala juu ya gurudumu. Siku ya nne likapasuka.

Hapa sasa ndipo penyewe. Mama akauliza, nikamwambia, "Fundi kaniuzia tairi bovu."

Mama yangu hapigi kelele. Alijifunga kitenge akaenda kwa yule mzee, mimi nikiwa nyuma yake, magoti yanagongana. Akamwambia mbele za watu kwamba hakutegemea mtu mzima kama yeye ale hela ya mjane. Mzee akaniangalia mimi. Sekunde kama kumi hivi. Angeweza kusema "mimi sijamuuzia kitu huyu." Hakusema. Akamwambia mama, "Pole sana waitu. Niachie kijana, tutalitengeneza."

Mama alipoondoka mzee hakunitukana. Aliniambia kesho nije saa 12 asubuhi, nitafanya kazi pale mpaka tairi lilipike. Nikafanya wiki tatu.

Nilichojifunza kwake nawapa bure. Kabla ya kulaumu tairi, nyanyua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likigonga, ugonjwa uko kwenye beringi au bushi. Lizungushe usikilize. Pancha nayo usikimbilie kiraka: pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole kwanza, mwiba uliotoboa mara nyingi bado upo, utatoboa tena. Kisha msasa, gundi, subiri gundi ikauke kidogo, ndiyo ubandike. Ukienda kununua gurudumu pima vitu vitatu: urefu wa gurudumu kutoka chini hadi juu, unene wa ekseli, na upana wa pale katikati ekseli inapopita. Tairi limeandikwa 4.00-8? Maana yake upana inchi 4, rimu inchi 8. La upepo ni laini kwenye mawe ila linapata pancha. La mpira mtupu halijui pancha ila ni zito na linakurudishia kila jiwe mikononi. Na grisi ni grisi, mafuta ya maandazi yanavuta vumbi tu.

Alinisimulia pia kwamba kule Goma watu wanasukuma chukudu, yale mabaiskeli ya mbao, magurudumu yake nayo ni mbao yamevalishwa mpira wa tairi kuukuu, na yanabeba mizigo mizito kweli. "Gurudumu baya hakuna," alisema. "Kuna gurudumu lisilo la mzigo wako."

Wiki tatu zikaisha, tairi jipya likafungwa. Lakini nyumbani wiki tatu hazikusubiri. Januari ilifika, mdogo wangu anaingia kidato cha kwanza, hakuna sare, hakuna daftari, toroli halijaingiza hata mia. Mama akauza kahawa butura.

Kwa wasiojua: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mbichi mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi, kwa sababu una shida leo. Serikali imeipiga marufuku mara kibao, lakini shida haisomi tangazo. Msimu ulipofika tulisimama mlangoni tukiangalia watu wengine wanachuma mibuni iliyopandwa na marehemu baba. Mama aliwakaribisha maji. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikalia.

Elfu 17 niliyoila ilizaa hiyo.

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani. Mama anachambua maharage, nikamwambia yote. Shoo, kigurudumu cha plastiki, uongo. Hakuinua kichwa. Baada ya muda akasema, "Mimi utaniomba radhi baadaye. Nenda kwa yule mzee kwanza. Mimi ndiye niliyemtukana."

Akafunga kanga yake, tukaenda wote wawili.

Mzee amezeeka, macho hayaoni vizuri, spoku anazishika kwa kupapasa. Mama alimwomba radhi, na mimi nikaomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Lile toroli bado lipo?"

Nikamwambia lipo, na beringi nimebadilisha mara mbili.

"Basi vizuri," akasema. Akaniomba nimsaidie kupitisha kitambaa ndani ya tairi moja, mwiba haupati.

Niliupata.

Haya wadau, zamu yenu. Kuna mtu ulimsingizia na akanyamaza kukulinda? Kama yuko hai, funga safari. Dondosha yako hapo chini, majina usitaje.